Usiivute Kamba: mhadhara juu ya kutembea na mbwa juani

(Ulitolewa Iringa mjini mbele ya vijana wanaopenda kupanda milima. Umeandikwa kama ulivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali.)

Kamwene! Asanteni. Naona watani kule nyuma wameanza kucheka kabla sijasema neno. Najua mnachocheka. Mhehe amesimama mbele za watu kufundisha namna ya kumtunza mbwa, wakati nyie siku zote mnadai sisi tunamtunza kwenye sufuria. (Kicheko.) Haya, chekeni yaishe, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Nimeombwa nizungumzie kutembea na mbwa jangwani. Jangwa hatuna. Ila aliyewahi kuteremka kutoka hapa kwenda Izazi na Mtera, akaiacha barabara ya Dodoma na kuingia kwenye mibuyu na migunga mwezi wa kumi, majani yote yameshapukutika, hahitaji kusimuliwa jangwa. Mji wetu uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Bwawa la Mtera liko kwenye mita 700 hivi. Ukishuka mita 1,000, joto hupanda kama nyuzi sita, kwa hiyo mbwa uliyempakia hapa asubuhi akiwa anatetemeka kwa baridi, saa mbili baadaye yuko nchi nyingine kabisa. Mwili wake hauna habari. Mbwa aliyekulia Mafinga au Njombe anahitaji wiki mbili au zaidi kuzoea joto la bondeni, na sisi tunampa mwendo wa gari.

Halafu kuna jua lenyewe. Kwa sisi wa Iringa na Mbeya jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Februari tuna mawingu na mvua. Oktoba mbingu iko wazi kama sahani. Na huku juu kuna upepo, na upepo wa nyanda za juu ni mwongo mkubwa: unakupuliza usoni unajiona uko salama, kumbe mwamba unaoukanyaga umeshaiva.

Sasa, mbwa si mtu. Wewe unatoa jasho mwili mzima. Yeye ana tezi za jasho kwenye nyayo tu, na hizo hazimsaidii sana. Kazi yote inafanywa na ulimi na koo: anatweta, maji yanakauka mdomoni, damu inapoa. Akitweta anapoteza maji, asipokunywa anaishiwa, na akiishiwa hana tena cha kumpoza. Ongeza kwamba tumbo lake liko shubiri mbili kutoka ardhini. Jua linampiga juu, udongo unamwoka chini. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Nitawaambia nililolifanya mimi, na nililifanya nikiwa afisa mifugo wa miaka mingi, si mtoto.

Nilikuwa na jike la kienyeji, jekundu, masikio yamesimama. Jina lake Watasema, na majirani waliokusudiwa walielewa. (Kicheko.) Oktoba moja nikaenda naye kumtembelea rafiki upande wa Mtera, kilomita nane kutoka barabarani. Nilipanga kuanza saa kumi na mbili asubuhi. Basi likachelewa, nikakaa kunywa chai, nikaanza kutembea saa nne. Maji nilikuwa na chupa mbili, nikahesabu yangu na yake pamoja. Kilomita nne za kwanza alikuwa mbele yangu. Baadaye akawa nyuma. Tulipofika kwenye mbuyu mmoja mkubwa akaingia kivulini, akaparua udongo wa juu wenye moto mpaka akafika kwenye ule wa baridi, akalalia tumbo. Ulimi ulikuwa umepanuka kwa chini kama mwiko, umejikunja kwenye ncha, na mate yamekuwa mazito, yanavutika kama bamia.

Nikamwita. Hakuja. Nikasema huyu leo ana uvivu, nikaivuta kamba. Akainuka, akanifuata.

Hapo ndipo nataka mpasikie vizuri. Watu husema mbwa hawezi kusema kwamba amechoka. Watasema alisema, tena kwa ufasaha kuliko wagonjwa wengi niliowahi kuwasikiliza. Alichimba shimo, akajilaza ndani. Mimi ndiye niliyekuwa na kamba. Mbwa atakwambia mara moja, na ukimvuta atakufuata mpaka miguu ikatae, kwa sababu kukufuata wewe ndiyo kazi aliyopewa.

Kilomita moja mbele akaanza kuyumba kama mlevi wa ulanzi, akatapika, akaanguka. Tulimfikisha kwa rafiki yangu amebebwa, tukammwagia maji ya kisimani. Jioni akainua kichwa, akanywa, akatikisa mkia. Nikashukuru Mungu, nikalala. Kesho yake alikojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Mimi nilijua maana yake: misuli imeungua na figo zinazibwa. Siku ya tatu akafa.

Kwa hiyo huduma ya kwanza nitaisema polepole. Mtoe juani. Mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni, kinenani na shingoni, kisha mpepee kwa chochote, hata ungo. Chuoni tulifundishwa tusitumie maji ya baridi, ati yanaziba mishipa. Siku hizi wataalamu wanasema kinachoua ni kuchelewa. Maji uliyo nayo, ya baridi au vuguvugu, yatumie. Usimfunike kanga mbichi ukaiacha juu yake, maana inapata moto na kumfungia joto. Usimnyweshe kwa nguvu. Akinyanyuka, usifanye kama mimi: mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Maji. Mbwa wa kilo 20 akikaa nyumbani hunywa karibu lita moja kwa siku. Safarini juani hesabu mara mbili au zaidi, na yabebe mbali na ya kwako. Bakuli si lazima ununue. Kata kitako cha chupa ya lita moja na nusu, mpe kidogo kidogo kila baada ya nusu saa, kabla hajaomba.

Ardhi ipime kwa mgongo wa mkono, sekunde saba. Ukishindwa kuuacha hapo, naye hawezi. Lami ndiyo mbaya kuliko zote, kisha mwamba mtupu, kisha mchanga. Viatu vya mbwa mnavyoviona mitandaoni mimi sivipendi; mbwa asiyevizoea vinamtoboa vidonda. Dawa ya ardhi ya moto ni kuamka mapema. Wafugaji wa kule Mtera hawana kipimajoto. Ikifika saa nne mbwa wao wameshapotelea chini ya migunga, na hakuna mtu anayewaita.

Wenzetu wenye jangwa lenyewe wamefika mpaka kwenye amri. Mji wa Phoenix, Arizona, kule Marekani, tangu 2016 umekataza mbwa kwenye njia zake za milimani joto likifika nyuzi 100 kwa kipimo chao, ambazo kwetu ni kama 38. Sisi hatuna amri hiyo. Tuliyonayo ni kwamba hifadhi za taifa, Ruaha, Kitulo, Udzungwa, haziruhusu mbwa kabisa, kwa hiyo msinifikishe getini mkaniaibisha.

Na ukishuka upande wa Idodi kuna ndorobo, yaani mbung'o. Mbwa akirudi, baada ya wiki chache jicho likawa na ukungu kama maziwa na anakonda, usinunue dawa ya macho dukani. Huo waweza kuwa nagana, ugonjwa unaoletwa na hao ndorobo, na unaua.

(Swali: Nimnyoe manyoya ili apate hewa?)

Hapana, mwanangu. Manyoya yanamkinga na jua, ukiyanyoa ngozi inaungua. Mchane yaliyokufa yatoke, basi. Ila wale wenye pua fupi, wanaokoroma wakiwa macho, waache nyumbani. Njia ya kupitisha hewa hawana.

(Swali: Akimng'ata mtu kijijini?)

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mtu aende hospitali leo, si kesho. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Hilo linanikumbusha matembezi yetu ya Jumamosi. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, saa tatu tuwe tumerudi kwenye gari. Nitasimama mlangoni kukagua kadi za chanjo. Mbwa asiye na kadi anabaki, na mwenye chupa moja anabaki naye.