Homa Imepoa, Moyo Je?

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu.

Nianze na mguu. Mwaka 2021 nilimpokea mzee mmoja, mkulima wa zabibu upande wa Hombolo. Homa ya korona ilikuwa imemwisha wiki tatu nyuma, kikohozi nacho kimekata. Kilichomleta ni makubazi yake ya kila siku, yalikuwa hayamwingii tena. Nikambonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, nikahesabu hadi kumi, nikaachia. Pakabaki shimo. Nikamuuliza, “Baba, usiku unalalaje?” Mwanawe akadakia: “Analala amekaa. Akilala chali pumzi inakata.”

Miguu ilijaa maji kwa sababu moyo ulikuwa umeshindwa kazi yake. Sisi watu wa Dodoma habari ya pampu hatufundishwi. Pampu za visima vya Mzakwe zikilegea, huku mjini ndoo zinapangwa foleni. Moyo nao ni pampu, unadunda kama mara 100,000 kwa siku.

Sasa korona, ambayo hapa kwetu tuliizoea kwa jina la changamoto ya upumuaji, inaufikiaje moyo? Mapafu yakijaa, oksijeni inapungua kwenye damu, na saa hiyohiyo homa inaulazimisha moyo kwenda mbio. Kazi imeongezeka, chakula kimepungua. Kinga ya mwili nayo ikizidi kipimo inaumiza hata viungo ilivyotumwa kuvilinda. Tena damu inaganda ovyo, vibonge vidogo vinaziba mishipa. Mwenye presha au sukari anayapokea haya yote akiwa na mishipa iliyochoka tangu zamani.

Msuli wa moyo ukiumia, unavujisha kwenye damu protini iitwayo troponini, na hiyo tunaweza kuipima. Madaktari wa Wuhan, China, walifuatilia wagonjwa 416 waliolazwa mwanzoni mwa 2020, wakati chanjo hazijapatikana. Waliokutwa na moyo ulioumia walikuwa 82. Katika hao 82, walifariki 42. Katika 334 waliobaki, walifariki 15.

Narudia taratibu, maana nikizisoma namba hizi bado zinanishtua. Upande mmoja, katika kila wawili anaondoka mmoja. Upande wa pili, katika kila ishirini hata mmoja hatimii. Ni kweli wale 82 wengi walikuwa watu wazima sana, wenye presha na magonjwa mengine, kwa hiyo si haki kuubebesha moyo lawama yote. Lakini hata umri na magonjwa hayo yalipowekwa kwenye hesabu, tofauti ilibaki.

Sasa linaloniuma. Mwaka 2020 ulivuma uvumi kwamba dawa za presha kama losartani na enalapril zinakifungulia kirusi mlango. Uvumi haukuzuka hewani: kirusi kinashika kwenye kipokezi, yaani kishikio cha juu ya seli, kilicho karibu na mfumo wa presha ambao dawa hizo zinaugusa, na hata wataalamu walijiuliza. Ndipo Brazil wakachukua wagonjwa 659 wa korona waliokuwa wakizitumia, nusu wakaendelea nazo, nusu wakasimamishwa siku 30. Kuacha dawa hakukumsaidia mtu.

Yule mzee wa Hombolo alikuwa ameacha vidonge vyake miezi minne, kwa ushauri wa jirani aliyemtakia mema. Presha ikapanda bila mtu kuiona, halafu korona ikaja juu yake. Tulimpiga picha ya moyo, tukamrudishia dawa, tukamwongezea ya kutoa maji. Wiki ya sita mwanawe akanipigia simu: “Daktari, jana baba kalala kwa mto mmoja.”

Kwa hiyo ukishapona homa, halafu ukaona unahema kwa kupanda ngazi chache, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio umekaa, au viatu vinakubana jioni, usisubiri. Nenda kituo cha afya, na uwaambie uliugua lini. Wakiona haja watakuelekeza Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako wataalamu wa moyo wapo, bila safari ya Dar es Salaam. Na ukienda, beba vidonge vyako vyote kwenye mfuko, hata ulivyoacha kumeza. Hasa ulivyoacha.

Mama wa kitenge cha bluu pale nyuma, umenyoosha mkono tangu nilipotaja losartani. Karibu, mama, uliza.