Kukamatwa kwenye maandamano: kesi ya fidia huanzia kwenye OB

Wasaidizi wa kisheria wenzangu, hamjambo. Leo hatujadili namna ya kujitetea dhidi ya mashtaka. Leo aliyekamatwa ndiye mdai, na serikali ya Kenya ndiyo mdaiwa.

Kesi hii huanzia kaunta ya kituo, kwenye kile kitabu cha OB (Occurrence Book), ambamo polisi huandika kila tukio na kila aliyekamatwa. Mnapoenda kumtolea mtu dhamana, ulizeni namba ya OB, saa aliyoandikwa na kosa analodaiwa kutenda, kisha myaandike papo hapo. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Akishikwa Jumanne saa nane mchana, Jumatano saa nane awe amefika mbele ya hakimu. Akishikwa Ijumaa saa tisa alasiri, saa 24 zinaishia Jumamosi, siku ambayo mahakama hazikai, kwa hivyo polisi wana hadi jioni ya siku ya kazi inayofuata. Wengi hukata tamaa hapo, wakidhani aliyefikishwa Jumatatu hana kesi. Anayo. Swali la kwanza si saa 24, ni kama alikamatwa kwa sababu halali. Kama hakuna tuhuma yenye msingi, hata saa moja ya seli ina fidia yake.

Kinachovuruga hesabu ni lori. Mtu anabebwa mchana, anazungushwa, halafu anaandikwa kwenye OB kesho yake saa moja asubuhi. Kitabu kinasema saa moja, nanyi mnasema saa nane jana. Wa kuwaokoa ni ujumbe aliomtumia ndugu yake akiwa ndani ya lori, mashahidi walioshikwa naye, na video. Video nayo iwe na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyoandaliwa. Bila cheti, wakili wa serikali ataipinga. Tunzeni faili ya kwanza kwenye simu iliyorekodi, msitegemee ile iliyozunguka WhatsApp.

Mkishathibitisha kuwa alizuiliwa, mzigo unawahamia polisi: wao ndio waonyeshe uhalali. “Alikuwa kwenye maandamano” haitoshi, maana Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda maandamano ya amani yasiyo na silaha. Watasema OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, hakupewa notisi ya maandamano, ile ya siku 3 hadi 14 kabla. Hoja hiyo inamhusu mwandalizi. Mpita njia aliyetoka kununua unga alikuwa na notisi gani ya kupeleka?

Sasa muda, na hapa ndipo kesi nyingi hufia. Dai la kawaida la kukamatwa kinyume cha sheria lina miezi 12 tu, kwa mujibu wa Sura ya 39, sheria inayoweka ukomo wa muda wa kushtaki mamlaka za umma. Mtu anangoja kwanza kesi ya jinai iishe, inachukua miaka miwili, anaachiliwa, anakuja na karatasi yake akitabasamu. Dai la kukamatwa limekwisha kuoza. Lililobaki ni la kushtakiwa kwa nia mbaya, ambalo muda wake huhesabiwa tangu kesi ya jinai ilipoisha, lakini ni gumu zaidi: lazima aonyeshe kwamba polisi ndio walioanzisha mashtaka, kwamba yaliisha kwa faida yake, hayakuwa na msingi wa kuridhisha, na yalisukumwa na chuki au nia nyingine isiyo ya haki. Kuachiliwa pekee hakuthibitishi nia mbaya.

Njia nyingine ni ombi la kikatiba Mahakama Kuu, chini ya Vifungu vya 22 na 23. Halina kikomo cha miezi, ingawa jaji atauliza mlikuwa wapi siku zote hizo. Tajeni kifungu kilichovunjwa na kilivunjwa vipi. “Haki zangu zilikiukwa” tupu haisimami. Msilipeleke kwa hakimu: katika haki za kikatiba, mamlaka yake yanaishia kwenye mateso, ukatili na utumwa.

Anayeshtakiwa kwa niaba ya serikali ni Mwanasheria Mkuu. Malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, ni bure na yafaa kupelekwa, lakini hayasimamishi ile miezi 12. Pesa za hospitali na za wakili wa kesi ya jinai ziorodheshwe kwenye hati ya madai moja moja, na kila moja iwe na risiti. Shilingi isiyo na risiti hukatwa. Kama kuna majeraha, fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ijazwe mapema, kidonda kikingali kinaonekana.

Hukumu ikitoka, msimtume dalali wa mahakama akachukue Land Cruiser ya kituo, sheria hairuhusu kukamata mali ya serikali. Chukueni cheti cha amri, hati ya mahakama inayoonyesha kiasi cha kulipwa, chini ya Sura ya 40, sheria ya kesi zinazohusu serikali, mkikabidhi kwa Mwanasheria Mkuu na kwa afisa mhasibu wa idara inayodaiwa. Wakinyamaza, rudini Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha afisa huyo alipe. Akiipuuza hiyo, anajibu yeye mwenyewe kwa kudharau mahakama.