Anzeni na Feni: Chumba Janja kwa Mfuko Mdogo

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua wengi wenu mkisikia chumba janja, yaani chumba chenye vifaa unavyoviamuru kwa simu, mnawaza taa za kubadilika rangi. Mimi nawaomba muanze na feni.

Kumbukeni usiku wa Februari hapa Dar es Salaam. Umelala umelowa jasho, feni imekuelekea, namba tatu. Ikifika saa tisa hewa imepoa, miguu baridi, lakini nani aamke akaizime? Unavuta shuka mpaka asubuhi, na mita ya LUKU inahesabu. Plagi janja moja, inayokaa kati ya soketi na feni, inatosha: unaipangia kwenye simu izime saa tisa, basi. Feni ya wati 50 ikipumzika kwa muda wa saa tatu kila usiku, kwa mwezi umeokoa uniti 4 na nusu, na umelala.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo pesa inapopotea. Kabla hujanunua plagi, tazama vitufe vya feni yako. Kama ni vile vya kubonyeza kikabaki chini, umeme ukirudi feni inaendelea kuzunguka. Kama ni vya kugusa, au ni feni ya rimoti, mara nyingi umeme ukirudi inakaa kimya ikisubiri mkono wako. Plagi itaizima, kuiwasha haitaweza. Jaribu hivi: washa feni, chomoa waya, chomeka tena. Ikizunguka yenyewe, nenda dukani.

Vifaa hivi vimeshuka bei kwa sababu ya chipu ndogo za Wi-Fi kama ESP8266, iliyotoka mwaka 2014. Nyingi zinashika mawimbi ya gigahezi 2.4 tu. Ruta ikiwekwa kwenye gigahezi 5 peke yake, utahangaika mchana kutwa ukidhani umeuziwa kifaa kibovu. Na anayetegemea hotispoti ya simu ajue kwamba akitoka na simu, chumba kimebaki bila mtandao. Mwenye kompyuta ya zamani iliyolala kabatini anaweza kuweka Home Assistant, programu ya bure ya kuamuru vifaa vya nyumbani, vifaa vingi vikaamriwa humo humo ndani hata bando likiisha.

Taa nazo. Wapangaji, msifungue swichi ya ukutani ya mwenye nyumba. Swichi janja nyingi zinahitaji waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, na kwenye boksi za swichi za nyumba zetu mara nyingi haupo. Nunueni balbu janja, mkiangalia kwanza kama holda ni ya pini au ya kuzungusha.

Nilipofunga ya kwangu, umeme ulikatika jioni ukarudi saa nane usiku. Taa ikawaka yote usoni, mtoto akaamka analia, na mama yake alitakiwa kazini alfajiri. Iliniuma sana. Balbu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuwaka umeme unaporudi. Ingieni kwenye mipangilio, tafuteni hali ya baada ya umeme kurudi, chagueni ibaki imezimwa kama chaguo hilo lipo, au angalau ibaki kama ilivyokuwa. Fanyeni hivyo siku ile ile mnayoifunga.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu pasi. Mama yangu, plagi iliyoandikwa ampea 10 mwisho wake ni wati 2300, na kitu cha moto hakitakiwi kujiwasha wakati haupo. Pasi ibaki kwenye soketi ya ukutani.