Kadi ya Mtandao Haishiki kwenye Linux: Tuanze na Waya

Asalaam aleykum, watazamaji wetu. Kompyuta hii inayotumia Linux imeletwa kutoka Langoni, hapa Lamu, na mwenyewe amekwisha kuufuta mfumo na kuuweka upya mara mbili kwa sababu haipati intaneti. Alijichosha bure, kama mtakavyoona.

Fungueni dirisha la amri, mwandike ip link. Mstari wa lo ni wa kompyuta kuzungumza na nafsi yake, kwa hiyo uacheni. Utazameni ule wa enp2s0, jina la kadi ya mtandao katika kompyuta hii, ambao ndani yake pameandikwa NO-CARRIER: maana yake kadi imewashwa na mfumo unaitambua, ila haisikii chochote kutoka upande wa pili wa waya. Kama kadi yenu haimo kabisa katika orodha, andikeni lspci -nnk, mtafute Ethernet controller. Yasipokuwapo chini yake maneno Kernel driver in use, basi hitilafu ni ya draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuiendesha kadi. Hapa tunaiona r8169, draiva ya kadi nyingi za Realtek, hivyo upande huo tumeumaliza.

Badilisheni waya, kisha tundu la ruta. Mimi nimebadilisha vyote viwili, na taa ya pembeni mwa tundu la kompyuta haikuwaka. Nikimulika ndani kwa tochi ya simu, naziona pini nane, na mbili za mwanzo zimeota kutu ya kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa uani. Meza ya mwenyewe iko chini ya dirisha linalotazama bahari, na hewa ya chumvi haibishi hodi.

Zimeni kompyuta na mchomoe umeme. Chovyeni mswaki laini katika spiriti kidogo, msugue taratibu kwa kufuata urefu wa pini, wala msitumie sindano, kwani pini hupinda upesi. Subirini pakauke kabisa.

Washeni, mwandike sudo ethtool enp2s0. Sasa tunasoma Link detected: yes, lakini Speed ni 100Mb/s, ilhali kadi hii ni ya 1000. Msiridhike. Kasi ya 100 hutumia pini nne tu, yaani ya 1, 2, 3 na 6, na ile ya 1000 huzihitaji zote nane. Kwa hiyo ninarudi na mswaki kwenye ya 4, 5, 7 na 8. Nimechomeka tena, na sasa Speed inasoma 1000Mb/s.