Ujasiri wa Kutenda Wema Mbele za Watu

Ndugu wasikilizaji,

Tumezoea kusema kwamba anayempita mwenzake aliye taabuni ana roho mbaya. Mimi siamini hivyo. Naamini huruma tunayo, tena tele, na kinachotushinda ni hofu: hofu ya kuulizwa "yanakuhusu nini?", hofu ya kuinuka peke yetu ilhali wengine wote wameketi.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi, kila mmoja chumbani mwake, walizungumza kwa vipaza sauti, kisha wakasikia sauti, iliyokuwa imerekodiwa bila wao kujua, ya mtu waliyedhani ni mwenzao akishikwa na kifafa. Kati ya walioamini kwamba ni wao tu waliomsikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti yake haijakoma. Kati ya walioamini kwamba wapo wengine wanne wanaosikia, waliotoka walikuwa asilimia 31 tu. Linalonigusa zaidi ni hali ya wale waliobaki ndani, kwani watafiti walipoingia waliwakuta baadhi yao wakitetemeka, viganja vimelowa jasho, wakiuliza kama yule mgonjwa yu salama. Hao si watu wasio na moyo.

Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak katika kaunti ya Mandera nchini Kenya, wapiganaji wa Al-Shabaab walilishambulia basi na kuwaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya amri hiyo, kwa kuwa Novemba 2014 abiria 28 wasio Waislamu walitengwa na wenzao katika kaunti hiyohiyo, wakauawa. Hata hivyo abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajistiri, na wapiganaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa Waislamu hao waliokataa, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki akiwa anatibiwa Nairobi.

Sithubutu kulinganisha gharama aliyoilipa mwalimu yule na aibu ndogondogo tunazoziogopa sisi. Nasema tu kwamba sisi tunaombwa kidogo mno, na hata hicho kidogo tunakinyima.

Kila asubuhi Dar es Salaam mwanafunzi mwenye sare husimama mlangoni pa daladala, konda amemzibia njia kwa mkono kwa sababu nauli yake ni pungufu, nasi abiria tunainamia simu zetu, kila mmoja akingoja mwingine aseme. Akitokea mmoja wa kusema, "Konda, mwache mtoto apande," mara nyingi wa pili na wa tatu hudakia, maana nao walikuwa na neno hilohilo mdomoni. Na asiyeweza kubishana na konda halazimiki kubishana naye; anaweza kumgeukia mtoto, akampokea begi na kumwambia, "Njoo, mwanangu, simama hapa," huku akijisogeza kumpa nafasi.