Kalunguyeye wa Birmingham

Assalaam aleikum. Wazee wangu shikamooni, na nyinyi vijana hamjambo. Mwenyekiti ameniuliza pale mlangoni kama nimekuja na mnyama mwenyewe. Sikuja naye, ingawa kazi yangu hapa ni kuwapokea kalunguyeye waliowashinda wafugaji na kuwatafutia walezi wengine. Ukumbi una taa kali na watoto wanakimbizana, na kalunguyeye hataki hata kimoja kati ya hivyo.

Wengi wenu mnamjua. Sisi Dodoma tulikuwa tukimkuta jioni baada ya mvua. Ukimgusa kwa kijiti anajikunja, anakuwa tufe la miiba, nasi tunachuchumaa kumsubiri ajifunue hadi mama aite. Msimchanganye na nungunungu. Nungunungu ni mkubwa, yuko upande wa akina panya, na mwiba wake hung'oka ukabaki kwenye mguu wa mbwa. Kalunguyeye anaenea kwenye viganja viwili, na kwao ni kuanzia Senegali hadi Somalia, kushuka mpaka Zambia. Basi huyohuyo wa Dodoma ndiye ninayeletewa hapa Birmingham ndani ya boksi la viatu, mwezi wa Januari.

Amefikaje? Miaka ya 1980 ikielekea mwisho, wafanyabiashara walianza kuwasafirisha kutoka Afrika kwenda Marekani kuuzwa kama wanyama wa nyumbani. Mwaka 1991 Marekani ikafunga mlango kwa kuhofia ugonjwa wa miguu na midomo, lakini waliokwisha kuingia walikuwa wanazaana. Leo huko California ni marufuku kumfuga. Hapa Uingereza unamnunua na kwenda naye nyumbani kwa basi.

Mtu humnunua kwa sababu ya picha. Picha hupigwa mchana, naye mchana hulala. Usiku anaamka, anapanda gurudumu lake na kukimbia mpaka alfajiri, huku akijisaidia humohumo gurudumuni. Mtoto aliyeombewa zawadi hamwoni akiwa macho, mama ndiye anayeosha gurudumu. Akishikwa anafutuka na kupuliza kama pancha. Miezi sita haiishi, napigiwa simu. Wanaopiga si watu wakatili, naomba mnielewe hapo. Mama mmoja alinipigia akilia, kalunguyeye ana kichaa cha mbwa, anatoka povu! Nikamuuliza amenusa nini. Kumbe alikuwa amelamba mkoba mpya wa ngozi. Kalunguyeye akikutana na harufu ngeni huitafuna, hutengeneza povu, kisha hujigeuza shingo na kujipaka mgongoni. Hakuna aliyejua kwa hakika kwa nini. Yule mama nilimtuliza, na mnyama yuko kwake hadi leo. Siku hiyo ndiyo niliyofanya kazi nzuri kuliko zote, na sikutoka hata nyumbani.

Adui mkubwa ni baridi. Anahitaji nyuzi 24 hivi na zaidi, usiku na mchana. Joto likishuka chini ya 18, mwili wake hujaribu kulala usingizi wa majira ya baridi kama wanavyofanya kalunguyeye wa Ulaya, ila wale hujiandaa kwa mafuta mwilini, huyu wetu hakujiandaa. Anakuwa mzito, anayumba, tumbo linapoa, na mfugaji wake anadhani amekufa. Msimtie kwenye maji moto! Mweke kifuani ndani ya nguo, apate joto lako taratibu, huku mkimwita daktari wa wanyama. Umeme ulipopanda bei mwaka 2022, kuna waliozima hita ya kizimba ili kubana matumizi. Siwalaumu sana, maana na sisi tulivaa makoti sebuleni.

Wengine huwaachia bustanini. Msamaria akimkuta humpeleka hospitali ya wanyamapori akidhani ni mtoto wa kalunguyeye wa hapa. Wataalamu humgeuza na kuhesabu vidole vya miguu ya nyuma: wa hapa ana vitano, wetu ana vinne. Na kumwachia porini mnyama asiye wa nchi hii ni kosa kwa sheria ya mwaka 1981.

Naam, mzee wangu umeinua mkono, na swali lako nalijua, kwa sababu kila Mswahili huniuliza: si mumrudishe kwao? Natamani. Lakini huyu babu wa babu yake alizaliwa kwenye kizimba. Wengine wana damu ya kalunguyeye wa Algeria, wengine wamezalishwa weupe pee, bundi wa Dodoma atamwona kutoka mbali. Chakula chake ni biskuti za paka. Ni kama wanetu hawa, mnisamehe, umpeleke kijijini umwambie akachunge. Isitoshe, anaweza kubeba magonjwa ya huku akawaambukiza wenzake wa porini.

Kwa hiyo anabaki, na anatafutiwa mlezi. Hapo ndipo ninapogombana na watu, kwani wanaotaka ni wengi na ninaowakubali ni wachache. Nauliza: mwenye nyumba wako anaruhusu? Gurudumu lako lina sakafu nzima, au ni la nyaya zitakazonasa mguu? Daktari unayemtegemea amewahi kumtibu kalunguyeye, au ni wa mbwa na paka tu? Na wakitaka wawili ili wasiwe wapweke, nakataa. Kalunguyeye huishi peke yake; ukimwekea mwenzake unamwekea ugomvi.

Kwa sasa ninaye mmoja, dume la miaka mitatu, jicho moja halioni. Alikuja mnene kiasi kwamba hakuweza kujikunja, tufe halifungi, uso unabaki nje. Tumempunguzia funza anaokula, sasa anafunga vizuri. Wanaomtaka tukutane pale kwenye chai. Mje mkijua chumba chenu kina nyuzi ngapi saa tisa za usiku.