Kiambishi -ta- na mipango ya kesho kwa Kijerumani

Mabibi na mabwana, anayeandika barua ya maombi ya masomo au kazi Ujerumani huponzwa kwanza na Kiswahili chake. Sisi tumezoea -ta-: nitasoma, nitahitimu, nitaajiriwa. Basi mwandishi anaitafutia -ta- mwenzake, anampata werden, kitenzi kisaidizi cha Kijerumani, na kila sentensi inaanza Ich werde, "mimi nita-". Sarufi haijavunjika, lakini barua inachosha kabla ya aya ya pili.

Kijerumani huuweka wakati ujao kwenye neno la wakati, kitenzi kikabaki katika wakati uliopo: Im Oktober beginne ich mein Studium, yaani Oktoba naanza masomo yangu ya chuo. Ule Oktoba umetosha. Tazameni na mpangilio: neno la wakati likitangulia, kitenzi hushika nafasi ya pili na ich hukaa nyuma yake. Im Oktober ich beginne ni kosa la kila darasa. Mwaka nao huandikwa 2027 peke yake, au im Jahr 2027. Ile in 2027 imetoka kwa Kiingereza.

Werden basi ina kazi gani? Kuahidi, kwa mfano: Ich werde das Zeugnis nachreichen, cheti nitakileta baadaye. Na kukisia: Er wird im Büro sein, kama sisi tusemavyo "atakuwa ofisini saa hizi". Hapo lugha hizi mbili zinakutana vizuri kuliko vitabu vingi vya kufundishia vinavyoonyesha.

Kwa nia, chagueni kitenzi kwa uzito wake. Ich will ni "nataka" kavukavu. Kwenye barua rasmi andikeni Ich möchte, "ningependa". Mpango ulioiva ni Ich habe vor, in Deutschland zu arbeiten, "nakusudia kufanya kazi Ujerumani". Mkato kabla ya kundi kama hilo msiuache. Na kitenzi kinachotenganishwa humeza zu katikati: anfangen (kuanza) huwa anzufangen, si zu anfangen.

Sasa penye ugumu wenyewe: "nikimaliza". Kwetu neno hilo hubeba sharti na wakati kwa pamoja, na wenn ya Kijerumani ina utata uleule. Wenn ich die Prüfung bestehe, "nikifaulu mtihani", humwacha msomaji akijiuliza kama una shaka ya kufaulu. Kama huna, tumia sobald, yaani mara tu: Sobald ich die B2-Prüfung bestanden habe, bewerbe ich mich um einen Ausbildungsplatz, yaani nikishafaulu mtihani wa lugha wa ngazi ya B2, naomba nafasi ya mafunzo ya kazi. Mtihani bado haujafanywa, lakini kitenzi kimevaa vazi la lililokwisha, kwa sababu kufaulu kutatangulia kuomba. Ni "nikishafaulu" yetu hasa. Kama shaka ipo kweli, tumia falls, "endapo". Als, ile ya "nilipo-", msiiguse hapa. Hiyo ni ya jambo lililotokea mara moja zamani.

La mwisho ni msamiati, nalo huharibu barua nzuri kabisa. Kusoma kwetu ni kumoja. Kwao studieren ni kwa chuo kikuu au chuo cha elimu ya juu tu. Mwombaji wa mafunzo ya uuguzi ya miaka 3, yale ya kazini na darasani, akiandika Ich möchte Pflege studieren, "ningependa kusomea uuguzi chuoni", ameomba kitu kingine. Aandike: Ab September möchte ich eine Ausbildung zur Pflegefachfrau machen, yaani kuanzia Septemba ningependa kufanya mafunzo ya kazi ya uuguzi. Mwanamume aandike zum Pflegefachmann.